Maswali Tunayoulizwa Kila Mara: Kosta, Mbwa Wawili, Misitu na Fukwe za Pwani

Sisi ni mke na mume wa Goba, Dar es Salaam. Tuna Kosta, basi dogo lililokuwa la abiria na sasa ni chumba, jiko na stoo kwa pamoja. Tuna mbwa wawili: Bosi, chotara wa mbwa wa Kijerumani mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililogoma, na Kaniki, koko mweusi tii. Kila tukirudi kutoka Kilwa, Pangani au hapo Kimbiji tu, tunakuta maswali yale yale ya ndugu, majirani na watu tunaokutana nao vituo vya mafuta. Majibu ni haya. Anayeandika ni mimi, mke. Mume wangu, ambaye mtaani siku hizi anaitwa Baba Bosi, amepitia sehemu zinazohusu gari.

Kwa nini msiwaache mbwa nyumbani na mlinzi?

Tungeweza, na wenzetu wengi hufanya hivyo. Ila mbwa anayetupiwa ugali getini wiki nzima bila mtu kumgusa unamkuta ameshakuwa wa kubweka kila kivuli. Isitoshe, tulinunua gari kubwa ili tutoke wote.

Lakini ukienda nao, ratiba ni yao. Saa ya kuondoka, barabara ya kupita, mti wa kuegesha chini yake, kijiji cha kulala, hata ufukwe upi uende na upi uupite kwa mbali, vyote vinaamuliwa na mbwa kabla yako. Asiyeweza kupangiwa na mbwa aende kwa basi, atafurahi zaidi.

Kwa nini Kosta, si Land Cruiser yenye hema juu?

Bei ni sababu ya kwanza. Ya pili, mbwa hapandi ngazi kwenda hemani, na sisi hatukutaka walale nje kwenye siafu. Ndani ya Kosta unasimama wima, mlango ni mpana, na spea zake zipo kila mji. Fundi anayeijua injini yake utampata Ikwiriri, utampata Muheza.

Tuling'oa viti vyote isipokuwa vya mbele. Fundi wa kuchomelea alitengeneza fremu ya chuma, seremala wa Keko akaweka kitanda kilichoinuliwa, na chini yake pakawa chumba cha mbwa, kwa kuwa hewa ya chini ina ubaridi kidogo. Juu kuna sola, ndani betri, feni mbili na friji dogo. Mtungi wa gesi umefungwa kwa mnyororo usicheze. Sakafuni ni kapeti la plastiki la kudekiwa. Ukiweka zulia la manyoya kwenye gari lenye mbwa na mchanga, utalitupa kabla hujafika Mkuranga. Choo ni ndoo yenye mfuniko na maranda ya mbao, na maswali zaidi kuhusu hilo hatujibu.

Kasoro ya Kosta ni mchanga. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ni nzito, na haina nguvu ya kujitoa ikizama. Kwa hiyo hatuiteremshi ufukweni hata siku moja. Inabaki kwenye ardhi ngumu, sisi tunashuka kwa miguu. Kwenye njia za mchanga mwepesi, kama zile za ndani ya Kigamboni, tunapunguza upepo wa tairi, tunapita taratibu bila kusimama, kisha tunajaza tena kwa pampu ya umeme wa gari. Na chumvi: ukirudi kutoka pwani osha chini ya gari kwa maji baridi mengi siku hiyohiyo, la sivyo kutu itakula bodi kimyakimya.

Jambo jingine ni kadi ya gari. Kadi ikisema basi la abiria na ndani kuna kitanda na jiko, trafiki ana haki ya kuuliza. Mabadiliko yaandikishe Mamlaka ya Mapato, TRA, na kampuni ya bima iambie ukweli kabla ya ajali, si baada yake.

Mbwa wanakaa wapi gari likitembea?

Chini ya kitanda, wamefungwa kwa mikanda ya kifuani. Usimfunge shingoni, breki moja ya ghafla yaweza kumvunja. Vichwa havitoki dirishani, kwa sababu malori ya barabara ya Kilwa hayana nafasi ya kumgawia mtu. Kila baada ya saa mbili hivi tunasimama wanywe maji na kujisaidia.

Mnaruhusiwa kuingia nao kwenye hifadhi?

Hapana, na hili ndilo watu hawataki kulisikia.

Hifadhi za taifa haziruhusu wanyama wa kufugwa, na Saadani ni mojawapo tangu ilipopandishwa hadhi mwaka 2005. Watu hupenda Saadani kwa sababu msitu, mbuga na bahari vinakutana mahali pamoja, na msitu wa Zaraninge, mmojawapo wa misitu mizuri ya pwani iliyobaki, umo ndani yake. Lakini ukiwa na mbwa, Saadani huingii. Hata ile njia ya kutoka Bagamoyo kupita hifadhini kwenda Mkwaja na Pangani sisi hatuitumii. Tunazunguka kwa Chalinze, Segera na Muheza. Ni mbali zaidi, na lami inafidia.

Pori la Akiba Pande, hapo Mabwepande, ni pua na mdomo na kwetu, nako mbwa hawaendi.

Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Huko tunakwenda sana, bila mbwa. Mmoja wetu anaingia msituni na mwongozo, mwingine anabaki na Bosi na Kaniki kwenye kivuli nje ya mipaka, kisha tunabadilishana. Kuna anayesema tunazidisha, kwamba mbwa aliyefungwa kamba hamdhuru mtu. Tatizo si meno. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa homa ya mbwa, ugonjwa ambao mbwa wa kufugwa vijijini walihusishwa nao. Ikiwa ugonjwa wa mbwa uliwaangusha simba, wale wanyama wadogo wa Kazimzumbwi, sange na wenzake, hawana la kujitetea. Na mnyama anayeishi kwa kunusa hahitaji kumwona mbwa ili akimbie. Mkojo uliobaki njiani unamtosha.

Sasa hiyo misitu ya pwani mnaifurahia vipi na mbwa?

Pembeni yake. Misitu hii ni mabaki. Zamani ulikuwa ukanda mrefu kutoka Somalia kushuka Kenya, Tanzania hadi Msumbiji, na sasa ni vipande vipande katikati ya mashamba, mkaa na viwanja vinavyopimwa. Ukisimama kwenye njia ya kijiji unaona sawasawa mahali msitu unapoishia, na pale ukingoni ndipo ndege walipo wengi asubuhi. Huhitaji kuingia ndani sana ili umsikie hondohondo.

Tunatembea na mbwa kwenye barabara za umma, mashamba ya minazi kwa ruhusa ya mwenyewe, na mikorosho ya Mkuranga. Mikorosho ina tahadhari yake. Kuanzia Mei au Juni hadi kama Agosti wakulima hupulizia salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na vumbi lake huwasha macho na pua. Mbwa akipita chini ya miti iliyopuliziwa kisha akajilamba, umejiletea kazi. Msimu huo tunapita barabarani tu.

Mti ninaopenda kuutafuta ni msandarusi. Utomvu wake uliogandika ardhini, sandarusi, ulichimbwa mwambao huu wote karne ya 19, ukapitia Unguja, ukauzwa hadi Salem huko Marekani kwa watengenezaji wa vanishi. Makochi ya matajiri wa ng'ambo yaling'arishwa kwa jasho la watu waliochimba nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam. Leo ukiuliza kijijini, wazee bado wanaujua mti, vijana wanaujua mkaa wake.

Hatari ya msituni ambayo wageni huipuuza ni siafu. Nyoka wanaogopwa zaidi, na ni kweli swila, koboko na kifutu wapo, ndiyo maana mbwa wetu hawaachwi huru kwenye majani marefu hata kidogo. Lakini siafu wanakuja usiku, wengi, na mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia. Usimfunge mbwa nje ya gari akalala. Kama ni lazima akae nje jioni, kaa naye.

Ufukwe gani unafaa kwa mbwa karibu na Dar?

Coco Beach alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, utakuta watu na mbwa wao wakikimbia bila tabu. Coco Beach Jumapili jioni usithubutu. Kuna watoto, mihogo ya kukaanga, muziki na maelfu ya miguu, na mbwa atatoka pale amechanganyikiwa. Kunduchi pale wanapoanika na kuuza samaki pia tunapaacha. Samaki ni mtaji wa mtu, na mbwa haelewi mtaji.

Tunapopapenda ni Kigamboni kusini: Gezaulole, Kimbiji na kuendelea. Unavuka kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, au kwa pantoni ya Magogoni. Kwa pantoni, mbwa wabaki ndani ya gari madirisha yakiwa wazi kiasi. Msongamano wa watu ni mkubwa, na si kila mtu aliyebanwa kwenye pantoni anataka kunuswa.

Lakini fukwe hizo za kusini, hadi Yaleyale Puna, ndizo kasa wanapopanda kutaga. Shirika la Sea Sense limefanya kazi na wanavijiji huko miaka mingi kulinda viota. Mayai hukaa mchangani takribani miezi miwili, na mbwa ni miongoni mwa maadui wakubwa wa kiota, kwa sababu anakinusa na kukifukua kwa dakika chache. Kwa hiyo usiku mbwa wetu hawashuki ufukweni kabisa. Mchana wanatembea kwenye mchanga ulioloa, chini ya alama ya maji makuu, kwa kamba. Ukiona mkokoto kama wa tairi la trekta unaotoka majini kwenda juu, huyo ni kasa. Geuka na umwarifu mtu wa kijiji.

Na bunju! Huyu samaki anayejivimbisha hutupwa ufukweni na wavuvi kwa kuwa hauziki, kisha anakauka pale kama mpira mkuukuu. Sumu yake haiishi kwa kukauka. Mbwa anayependa kutafuna makavu ya ufukweni anaweza kufa kwa bunju mmoja. Bosi amefundishwa neno "acha" kwa ajili ya samaki huyo zaidi ya sababu nyingine yoyote.

Maji kujaa na kupwa yanawahusu vipi watu wa gari?

Yanawahusu sana. Mwambao wetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam huzidi mita 3. Ufukwe mpana uliouona saa nne asubuhi unaweza usiwepo saa kumi jioni. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na unaweza kutembea muda mrefu.

Tunapanga matembezi ya mbwa maji yakiwa yanapwa asubuhi. Mchanga umeloa, ni mgumu na wa baridi, na mabwawa madogo yanabaki ya kuchezea. Wakati wa kurudi maji huwa hayajaanza kukufuata. Kwenye mikoko ni muhimu zaidi, kwa kuwa vijito hujaa kutoka nyuma yako wakati unatazama mbele. Kama hujui ratiba, muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama simu.

Gari liegeshwe juu ya mstari wa mwani mkavu, na kamwe si chini ya mnazi wenye nazi. Kivuli cha mnazi ni kizuri, nazi ikidondoka kwenye sola si nzuri. Tafuta mkungu, mwembe au mvinje.

Pwani Waislamu ni wengi. Hawakasiriki mkija na mbwa?

Swali hili linaulizwa zaidi na watu wa bara, na linaulizwa kana kwamba Waislamu ni watu wa mbali. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Tanga, bibi yangu alikuwa na mbwa wa kulinda shamba la minazi na hakuna aliyemsema. Kinachowaudhi watu ni mbwa asiye na mwenye adabu.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yameenea mwambao wetu, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Fikiria maana yake kwa mama anayekwenda kuswali adhuhuri, kanzu safi, maji ya kuchota kisimani mbali, halafu mbwa wako mwenye furaha anamlamba mkono. Wewe unasema "haumi, anacheza tu". Yeye hakuogopa kuumwa. Umemwongezea kazi ambayo hakuiomba, na swala inamsubiri.

Ndiyo maana utaratibu wetu ni huu. Gari linasimama nje ya kijiji, mbwa wanabaki ndani na mmoja wetu. Mwingine anakwenda kwa miguu hadi kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Sehemu za wavuvi tunapita pia kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe. Mazungumzo hayatofautiani sana:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Tumepita tu, tunaomba kulala usiku mmoja pale kwenye miembe. Tupo wawili, na tuna mbwa wawili."

Hapo kuna ukimya kidogo. Kisha swali, na si la dini: "Wamechanjwa?"

Unamwonyesha kitabu cha chanjo. Anakiangalia, hata kama hakisomi chote. Anakuambia mahali pa kuegesha, na karibu kila mara anakuambia njia ya kutopita: kisimani, msikitini, madrasa, mahali wanawake wanapoanika dagaa, mahali nyavu zinaposhonwa. Njia hiyo uifuate. Tukikataliwa, na tumewahi kukataliwa, tunashukuru na kuondoka kabla ya magharibi ili tusitafute pengine gizani.

Mwezi wa Ramadhani hatusafiri na mbwa vijijini. Si kwamba kuna aliyetukataza. Watu wamefunga, jioni kila mtu anawahi futari, usiku ni tarawehi, na mgeni mwenye mbwa ni mzigo ambao mtu hakuupangia. Baada ya Idi tunarudi.

Magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, yana msikiti wa karne ya 13 na makaburi. Watalii wengine huona ni mawe tu. Kwetu ni msikiti na ni makaburi, mbwa hawakanyagi. Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake na ya Songo Mnara yapo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, unakwenda kwa mashua kutoka Masoko, na hapo pia tunapokezana. Mume wangu huenda na mashua ya asubuhi, mimi naenda siku ya pili. Tumezoea kusimuliana badala ya kuona pamoja.

Joto je? Dar yenyewe binadamu hawaiwezi.

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anapoa kwa kuhema, na hewa yenye unyevunyevu ya pwani haimsaidii sana. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu. Kwa hiyo hakuna kitu kama "nashuka mara moja kununua mkate". Mmoja hubaki, mlango wazi, feni zinazunguka.

Tunaendesha alfajiri hadi saa nne au tano, kisha tunatafuta kivuli mpaka saa kumi. Mchanga mkavu wa adhuhuri unaunguza nyayo. Weka kiganja chako juu yake, ukishindwa kuvumilia, mbwa naye hawezi. Akianza kuhema kwa nguvu, ute ukawa mzito, akayumba, mpeleke kivulini, mwagia maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo, mpepee, na utafute daktari. Na apewe maji baridi safi kila mara kabla ya kuingia baharini. Mbwa mwenye kiu hunywa maji ya chumvi, akatapika na kuharisha ndani ya Kosta.

Magonjwa mnayadhibitije?

Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka bila kukosa, na ile ya pamoja ya homa ya mbwa na parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha. Akiuma mtu au akimkwaruza, hata kama amechanjwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na mtu aende hospitali. Hapo hakuna mjadala.

Kupe ndio vita vya kila jioni. Tunawakagua masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Kupe wa pwani hueneza magonjwa ya damu, na dalili huja polepole: mbwa anapoteza hamu ya kula, fizi zinapauka, anatokwa damu puani.

Mbung'o ni wa kuogopwa zaidi na watu hawamfikirii. Yupo ukanda wa Saadani na kando ya Rufiji, anafuata vitu vinavyotembea na hupenda rangi nyeusi na buluu, kwa hiyo Kaniki ni shabaha iliyokamilika. Mbwa huugua nagana, ugonjwa anaoueneza mbung'o, vibaya kuliko ng'ombe wengi wa kienyeji. Hupata homa, uso unavimba, macho yanafunga ukungu. Ukiona macho ya mbwa yamegeuka rangi kama ya maziwa baada ya safari ya huko, mpime damu haraka. Na tafadhali usimdunge dawa ya ng'ombe uliyonunua duka la pembejeo kwa kukisia. Kipimo cha mbwa ni chembamba, kikizidi kidogo kinaua. Vivyo hivyo dawa za maumivu za binadamu.

Wanakula nini safarini?

Dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, miguu ya kuku, utumbo tukipata. Vichwa vya samaki tunachemsha na kutoa miiba. Mume wangu anasema mbwa wanakula vizuri kuliko yeye, na siku za Kilwa ni kweli.

Njia ya kusini na ya kaskazini, ipi bora?

Kwa anayeanza, kaskazini: Bagamoyo, kiasi cha kilomita 65 tu, ukalale, urudi. Ukiwa na siku zaidi, Pangani. Mji wenyewe ni wa kale na mtulivu, na ng'ambo ya mto kuna Ushongo, ufukwe mrefu wenye nafasi ya kutosha mbwa na watu wasigombane. Mto Pangani una mamba, usiwaachie mbwa kunywa ukingoni.

Mimi napenda kusini. Unapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, refu karibu kilomita moja, kisha Somanga na Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, takribani kilomita 300 kutoka Dar. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wakingoja pantoni hadi walale. Vijiji ni vingi, mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na tochi za trafiki zipo. Msimu wa mvua ulizia kwanza. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara hiyo wilayani Kilwa na kusini yote ikatengwa.

Wakati gani wa mwaka ni mzuri?

Juni hadi Septemba. Kusi inavuma, usiku una ubaridi, mbwa wanalala. Masika, Machi hadi Mei, tunabaki Goba tukiziba paa linalovuja. Desemba hadi Februari bahari ni tulivu na maji maangavu, lakini joto halisemeki.

Kuna vibali vya kusafirisha mbwa?

Ongea na daktari wa mifugo wa wilaya yako kabla ya kutoka, akupe barua au kibali na kukagua chanjo. Tuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 na ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na ofisa akikusimamisha karatasi hukuokolea muda. Kuvuka Horohoro kwenda Kenya ni habari nyingine, inahitaji vibali vya pande zote mbili, na sisi hatujaona sababu ya kuhangaika wakati Tanga haijaisha.

Usiku hamwogopi?

Tunalala mahali ambapo mwenyekiti anajua tupo. Hiyo ndiyo kufuli. Mbwa ni kengele.

Ni gharama kiasi gani?

Mafuta yanakula sehemu kubwa kuliko vyote, kisha chanjo na dawa za mbwa, kisha chakula. Kulala mara nyingi ni ada ndogo ya kijiji au ya mwenye shamba, na tunanunua samaki, nazi na mboga palepale. Hatuji na maboksi ya supamaketi kutoka Dar na kumwachia mwenyeji takataka. Kumbuka kudai risiti pale panapostahili risiti.

Mnakodisha hiyo Kosta?

Hapana. Inanuka mbwa.

Kaniki akizaa, mtatuuzia kitoto?

Kaniki alifungwa kizazi zamani. Lakini mtaani kwenu, popote ulipo, kuna koko mwenye watoto watano chini ya kontena la mtu. Nenda kaongee na mwenye kontena, kisha mpeleke akachanjwe.